Namba ya Kayal na Paja la Mjomba

Bloomington, Illinois
21 Januari 2024

Kaka Thavamani,

Kabla hujaniuliza: ndiyo, nimekula. Wali wa mtindi na achari ya embe aliyonifungia wifi, ile chupa ya mwisho kabisa, nimeilamba mpaka kwenye kifuniko. Sasa nisikilize, maana nina hasira na sina wa kumwambia. Naandika kutoka maktaba. Nyumbani shemeji yako Kathir siku hizi anafanya kazi mezani pa chakula, na nikikupigia simu nikamsema, ananisikia kila neno. Na wewe mwenyewe unasema kamera ya simu yako imekufa. Basi tuandikiane kwa barua pepe, lakini ndefu kama watu wa zamani.

Kaka, mpwa wako Kayal anadaiwa namba ya mlipakodi.

Usicheke. Mtoto wa miaka miwili na ushee, ambaye jana ametia kiatu cha baba yake ndani ya sufuria ya mchuzi wa rasamu, anatakiwa awe na namba ya mlipakodi. Bila namba, Kathir hawezi kumwandika kwenye hesabu zake za kodi kama mtoto anayemlea. Watoto waliozaliwa hapa wanaandikishiwa namba hospitalini, karibu sawa na kuvalishwa nepi. Huyu wetu amekuja kwa mgongo wa viza ya kazi ya baba yake, kwa hiyo namba ya kawaida hapewi. Anatafutiwa namba nyingine, ya wageni, kwa fomu yake na vithibitisho vyake. Mwaka jana Kathir aliliacha jambo hili lipite. Mwaka huu kuna mtaalamu wa kodi amemtia maneno kwamba anapoteza punguzo.

Na hapo ndipo anaponichoma. "Ungezaa hapa, yote haya yasingekuwepo," anasema. "Wewe na kaka yako na mila zenu za kwenda kuzalia kwenu." Nikamwambia, mama yangu amekufa, lakini nyumba ya kaka yangu ndiyo kwetu, na uzazi wa kwanza ni kwetu. Nikamuuliza: ile damu iliponitoka kabla ya kujifungua, ni nani aliyelala kwenye sakafu ya hospitali mpaka nikaruhusiwa? Akavaa vile vitu vyake vya masikioni.

Lakini wewe usiwe na wasiwasi. Ametoa nakala ya pasipoti ya Kayal, wakili ameigonga muhuri, na imeshatumwa pamoja na fomu. Aprili tunakuja. Nywele zake zimefika mabegani na hazijawahi kuguswa na mkasi. Atakukalia pajani mbele ya Karuppu, mungu wa ukoo wetu, atanyolewa, atatobolewa masikio, nawe utatoa hereni kama mjomba anavyopaswa. Usijidai umesahau hereni.

Mdogo wako,
Poongodi


Nilakottai
2 Februari 2024

Poongodi,

Umekula? Nauliza tena. Wali wa mtindi si chakula, ni kisingizio.

Barua yako nimeisoma kwa sauti, wifi yako Ponnuthayi akisuka maua, akacheka mpaka uzi ukamkatikia. Namba ya mlipakodi! Mimi nina bustani ya asumini, nina pampu ya maji, nina hata kadi ya kodi ambayo sijui imelala wapi, na hakuna mtu aliyewahi kunitafuta. Wamemwona Kayal.

Mwambie shemeji yangu Kathir alale usingizi. Nakala yenye muhuri wa wakili inatosha popote. Mimi kwa nakala zenye muhuri nimepata umeme, mkopo wa benki, na karibu nipate na mke. Kama wanaleta ubishi, aongeze muhuri wa pili, wa rangi ya kijani. Wa kijani haukataliwi.

Bei ya maua ilipanda vizuri wakati wa sikukuu ya Pongal, sasa imetulia. Ponnuthayi ndiye anayepeleka sokoni siku hizi. Mimi nakaa nyumbani na kutoa amri, nimeamua kuwa bwana mkubwa. Kamera bado mbovu.

Jambo moja, na hili si utani. Aprili usiisogeze. Unajua mtoto hunyolewa mwaka wake wa kwanza au wa tatu, wa pili hanyolewi. Wa kwanza mliondoka naye kabla hatujafanya kitu. Wa tatu unaisha Oktoba akitimiza miaka mitatu. Kuhani nimeshamwambia, kinyozi nimeshamwambia, mbuzi wa Karuppu nimeshamchagua, na nimemzoea mpaka nimempa jina, kosa langu. Hereni ziko ndani ya kopo la sukari, maana daktari amenikataza kulifungua na kwa hiyo ni mahali salama kuliko benki.

Njoo Aprili.

Kaka yako,
Thavamani


Bloomington
18 Machi 2024

Kaka,

Wameikataa nakala. Imerudi na karatasi iliyosema, kwa adabu kabisa, kwamba muhuri wa wakili kwao si kitu. Wanataka pasipoti yenyewe, au nakala iliyothibitishwa na serikali iliyoitoa.

Ungemwona Kathir! Ameigeuza ile nakala juu chini, mbele nyuma. "Lakini kuna muhuri," anasema. "Poongodi, kuna muhuri, kuna saini, kuna mpaka anwani ya wakili!" Kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma. Sisi tumelelewa tukiamini muhuri kuliko mtu.

Nikaja maktaba nikatafuta mwenyewe. Kumbe kuna ofisi yao ndogo Peoria. Unapiga simu, unapewa miadi, unaipeleka pasipoti, wanaitazama ukiwa umekaa pale pale, wanakurudishia mkononi. Mkononi, kaka! Na Peoria ni hapo tu, hata saa nzima kwa gari haifiki. Nilirudi nyumbani nikikimbia kwenye theluji kama niliyeshinda bahati nasibu.

Kathir akasema miadi ni siku za kazi. Bosi wake hapendi watu wanaoomba ruhusa, na viza yetu sote iko mkononi mwa huyo bosi. Nikasema basi nipe gari, akanikumbusha kwamba barabara kuu siendeshi, nikiona lori nafumba macho. Ni kweli. Lakini siku moja, kaka! Siku moja ya ruhusa kwa ajili ya mwanawe!

"Nitalishughulikia," akasema.

Nikamwambia, "Lishughulikie unavyotaka, lakini pasipoti ya mtoto isitoke ndani ya nyumba hii bila wewe kuwa nayo."

"Nimekusikia," akasema.

Sasa anasema tusisafiri mpaka jambo la namba liishe, kwa kuwa pasipoti itahitajika hapa. Kwa hiyo ni Juni. Najua ulisema nisisogeze. Najua. Usinitazame hivyo, nakuona hata bila kamera.

Poongodi


Nilakottai
25 Machi 2024

Poongodi,

Leo sikuulizi kama umekula.

Ulisema Aprili. Kuhani ameuliza, nimemwambia Aprili. Sasa nimwambie nini? Kwamba mpwa wangu anasubiri kuwa mlipakodi?

Ulikuwa ukipanda basi la usiku kutoka chuoni ukiwa na homa, umesimama mpaka Dindigul, ili usikose sikukuu ya Karuppu. Sasa unashindwa na Peoria. Sijui Peoria iko wapi lakini nimeichukia. Na mumeo anaogopa bosi. Mwanamume anaogopa kuomba siku moja! Angeniandikia mimi, ningemwombea.

Nyinyi huko mnadhani kila kitu huku kinawangoja palepale mlipokiacha. Mnadhani kaka ni mti. Umeniuliza habari za kila mtu na kila kitu, hukuniuliza mimi nasubiri nini.

Kama ni Juni, iwe Juni. Usiniandikie tena tarehe ambayo huna hakika nayo.

Thavamani

Ponnuthayi anasema nimekuwa mkali mno, nifute. Sifuti.


Bloomington
11 Mei 2024

Kaka,

Juni haitawezekana. Tiketi zimepanda sana na Kathir amezidiwa na kazi. Labda Agosti. Kayal hajambo. Sasa anajua kusema "mjomba", ingawa anamwita hivyo hata kijana anayeleta piza.

Usikasirike.

Poongodi


Bloomington
11 Mei 2024

Wifi Ponnuthayi,

Nakuandikia wewe peke yako. Ukimaliza kusoma, futa.

Nimemwandikia kaka sasa hivi na nimemdanganya. Tiketi hazijapanda. Pasipoti ya Kayal haipo.

Kathir aliitia kwenye bahasha, yenyewe, akaituma ofisi ya kodi siku ya mwisho ya hesabu, mwezi uliopita. Hakuniambia. Yule mtaalamu wake wa kodi, bwana mmoja anayejitangaza kwenye kundi la simu la Watamili wa hapa, alimwambia, "Tuma tu, ndugu, itarudi." Mimi nilijua siku nilipofungua droo kutafuta kadi ya chanjo. Nikamuuliza iko wapi. Akasema, "Usipige kelele, mtoto amelala." Wifi, nilipiga kelele.

Ningetulia kama ingerudi. Sasa wameandika kwamba haitoshi. Haina muhuri wa kuingia nchini! Unakumbuka nilivyokusimulia tulivyotua Chicago? Yule ofisa alimchekea Kayal, akabonyeza kompyuta yake, akatupungia mkono tupite. Siku hizi hawagongi. Kumbe kwa watu wa kodi, pasipoti ya mtoto isiyo na ule muhuri haitoshi peke yake, lazima iambatane na karatasi ya kliniki kuonyesha kwamba anaishi hapa. Serikali ni ile ile moja! Mkono mmoja hautaki kugonga muhuri, mkono wa pili unamuuliza mtoto muhuri wako uko wapi. Karatasi ya kliniki tumetuma. Pasipoti wanasema itarudi kazi ikikamilika. Kazi gani? Simu yao inapiga muziki tu, mpaka Kayal ameshaujua na anaucheza.

Kaka akijua, atamtukana Kathir. Kathir naye atarudia wimbo wake wa mila zetu, na mimi nitasimama katikati kama kawaida. Nimechoka kusimama katikati. Tafadhali usimwambie.

Wifi yako,
Poongodi


Nilakottai
20 Mei 2024

Wifi,

Usimwambie, unasema. Kila mtu wa ukoo huu ananiambia usimwambie. Kaka yako ananiambia "usimwambie Poongodi" tangu Novemba. Mmenifanya kabati la siri zenu, na kabati limejaa, mlango haufungi.

Kaka yako hana vidole viwili vya mguu wa kushoto.

Kaa chini usome. Siku ile ya damu, daktari aliposema huenda mtoto asipatikane, kaka yako alitoka hospitali akaenda moja kwa moja hekaluni kwa Karuppu. Akavua champali zake pale mlangoni, akaziacha. Aliweka nadhiri: hatavaa kitu mguuni mpaka nywele za mtoto huyo zianguke mbele ya Karuppu, pajani pake. Mtoto akapatikana. Tukafurahi wote, na yeye akafurahi peku. Alidhani ni miezi michache. Kisha viza ikatoka, mkaondoka.

Mtu wa kisukari hatakiwi kutembea peku hata bafuni, wifi. Huyu anapita bustanini kwenye miba. Anapita kwenye lami ya soko, jua la mchana. Hasikii maumivu, sukari imeshaua hisia za nyayo. Novemba aliingia ndani na msumari umezama mguuni, akakaa, akaomba chai. Mimi ndiye niliyeuona, kwa damu sakafuni. Nilipomletea champali akazisukuma kwa fimbo. "Aprili," akasema. "Aprili si mbali."

Hukujiuliza kwa nini mimi ndiye ninayepeleka maua sokoni? Kamera haijafa. Kamera ni nzima kuliko yeye.

Vidole vilikatwa Machi. Ile barua yake ya hasira aliiandika kitandani hospitali, na mimi nimemshikia simu. Nilimwambia, mwandikie ukweli basi. Akasema, "Akijua atakuja kwa woga. Nataka aje kwa furaha." Nikamwambia, basi kufa kwa furaha.

Sasa daktari wa Madurai anasema mguu wa chini wote uondoke, na uondoke upesi, la sivyo sumu itapanda. Amekataa. Anasema atakwenda mbele ya Karuppu na miguu yake miwili, mtoto amempakata, wakate wanachotaka baada ya hapo. Alikuwa anaisubiri Juni. Aliposoma "labda Agosti" aliigeuza simu kifudifudi akasema, "Agosti si mbali."

Agosti hatakuwepo, wifi.

Nampenda kaka yako na natamani kumchapa. Nawe natamani kukuchapa. Huyo Kathir wako yeye nitamchapa kweli, mwambie. Na Karuppu mwenyewe nilimwendea jana nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa.

Fanya kitu. Mimi maneno yangu yameisha, hayasikii tena.

Ponnuthayi


Bloomington
23 Mei 2024

Kaka mjinga,

Wifi ameniambia. Usimwambie hata neno moja baya, usimnunie, usimwulize kwa nini. Yeye peke yake katika ukoo huu ndiye mwenye akili.

Karibu miaka mitatu! Karibu miaka mitatu unatembea peku kwa ajili ya mwanangu, na kila wiki unaniuliza kama nimekula! Ulitaka nije kwa furaha? Ningekuja nikute picha yako ukutani imevalishwa shada la asumini ya bustani yako mwenyewe, ningefurahi sana hapo. Nimelia mpaka mkutubi ameniletea maji. Nina hasira na wewe ambayo sijawahi kuwa nayo na mtu, na ungekuwa karibu ningeshika miguu yako.

Na mimi nilikudanganya. Tiketi hazijapanda. Kathir aliituma pasipoti ya Kayal ofisi ya kodi tangu Aprili, na bado wanayo. Tulidanganyana sote wawili kwa sababu kila mmoja aliogopa kumkasirisha mwenzake. Lakini uongo wako umekula mguu wako, na uongo wangu umeusaidia kutafuna.

Nimepiga simu ubalozi mdogo Chicago. Wanaweza kutoa karatasi ya dharura ya kumpeleka mtoto nyumbani, lakini nayo ina taratibu zake, na wewe huna nafasi ya kusubiri taratibu za mtu mwingine. Kwa hiyo nimefanya hivi.

Jana asubuhi nilimsomea Kathir barua ya wifi. Yote, hata pale anaposema atamchapa. Vile vitu vya masikioni alivitoa mwenyewe. Akasema, "Ilikuwa siku moja tu ya ruhusa."  Alijijibu mwenyewe, nikamwona.

Kisha akainuka, akaleta mashine yake ya kunyolea ndevu, akaiosha kwa maji ya bizari ya manjano. Akakaa chini sakafuni akampakata Kayal. Alikaa kwenye nafasi yako, kaka, na alijua ni nafasi yako, alikuwa amekaa kama mtu aliyeazima kiti. Mimi nikanyoa. Nilianza na ile sehemu ya mbele, nikalitaja jina la Karuppu, na jina lako. Kayal alilia kidogo, halafu akajiona kwenye kioo, akajipapasa kichwa akasema, "Mpira!" Nywele zote nimezifunga kwenye kitambaa cha manjano. Zilizoanguka kwenye zulia nimezipigia magoti, nimeziokota mpaka ya mwisho.

Leo nimezipeleka posta, kwa njia ya haraka. Mama wa dirishani akauliza ndani kuna nini. Nikamwambia, nywele za mwanangu, zinakwenda kwa mungu wetu. Akasema, "Pole," sijui kwa nini, akanipa fomu ya forodha. Niliisoma yote nikitafuta mahali pa namba ya mlipakodi. Hawakuuliza. Nywele zimeruhusiwa kusafiri, mwenye nywele ndiye amezuiliwa.

Nadhiri yako ilisema zianguke mbele ya Karuppu, pajani pako. Zikifika, kaa mbele yake, fungua kitambaa pajani, zimwage. Mtoto ametimiza ya kwake. Kuhani akileta maneno, mpe simu azungumze na mimi. Karuppu akileta maneno, mpe na yeye.

Halafu vaa champali, uende Madurai siku hiyo hiyo. Si kesho yake. Ukitoka huko niandikie, uniulize kama nimekula.

Poongodi


Madurai
19 Juni 2024

Poongodi,

Umekula?

Mimi nimekula uji wa hospitali, usio na chumvi wala sukari wala maana.

Kifurushi kilifika. Kuhani alikitazama akasema tangu baba yake alipokuwa kuhani hawajawahi kuletewa mtoto kwa posta. Ponnuthayi akamwambia, "Na sisi hatujawahi kuwa na mtoto anayeshikiliwa na watu wa kodi. Soma dua." Akasoma.

Nilikaa chini mbele ya Karuppu, wakanisaidia kukunja miguu. Nilifungua kitambaa pajani. Zilikuwa nyingi! Sikudhani mtoto mdogo vile ana nywele nyingi vile. Zilinukia sabuni yenu ya huko. Nilitaka kuzishika kidogo kabla ya kuzimwaga, na nilizishika zaidi ya kidogo, mpaka kuhani akakohoa. Kisha nikazimwaga. Nililia, ndiyo, na kila aliyekuwepo aliona, na atakayekusimulia kwamba nilipiga kelele anasema kweli.

Ponnuthayi alikuwa na champali mpya kwenye mfuko wake wa maua. Alinivika mwenyewe, ya kulia, halafu ya kushoto juu ya bandeji. Nilikuwa nimesahau zinavyopiga kelele mtu akitembea. Nilitembea nazo kutoka kwa Karuppu mpaka kwenye gari, na kutoka kwenye gari mpaka mlango wa wodi. Pale nesi akasema, "Vua hizo, baba." Ni safari fupi. Lakini nilizivaa zote mbili, Poongodi, na nilitembea taratibu makusudi.

Daktari nilimuuliza swali moja tu: paja litabaki? Akasema tukiwahi atakata chini ya goti. Tuliwahi. Ungengoja karatasi ya Chicago, tusingewahi. Hilo amesema yeye, si mimi.

Hasira ninayo. Ninalala hapa nina nafasi ya kuwakasirikia wote kwa zamu. Asubuhi namkasirikia yule mtaalamu wa "tuma tu, ndugu". Mchana namkasirikia yule ofisa wa Chicago, muhuri ungemgharimu nini? Jioni najikasirikia mimi, na hapo ndipo wauguzi wananipa dawa ya kulala. Karuppu hakuniomba mguu. Aliniomba nywele. Mguu niliuweka mimi mwenyewe na nikajiona mtu mwema.

Mwambie Kathir simsemeshi. Mwambie pia asante kwa kumpakata mtoto. Asichanganye hayo mawili.

Kaka yako,
Thavamani


Bloomington
6 Agosti 2024

Kaka,

Nimekula. Kathir ndiye amepika, na tumenusurika.

Leo zimekuja bahasha mbili. Ya kwanza ina namba. Jina la Kayal limeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake tarakimu tisa. Ni mlipakodi. Nilidhani siku hii nitapiga vigelegele. Kathir aliisoma amesimama, akaiweka juu ya friji, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Punguzo lenyewe, kaka, halinunui hata tiketi moja ya kuja kwenu. Nilitaka kumwambia hilo. Halafu nikaona mgongo wake pale kwenye sinki, nikaliacha. Najua analijua.

Ya pili ilikuwa pasipoti. Imekuja na posta ya kawaida, pamoja na tangazo la duka la magodoro. Ndani hakuna alama yoyote kwamba mtu aliifungua. Miezi yote hiyo, na ukurasa wa mihuri mweupe vilevile!

Kathir ameomba likizo. Bosi akauliza kama haiwezi kungoja. Nilikuwa nimekaa mezani, nikamsikia akisema, "Hapana. Nilishangoja."

Tunatua Madurai tarehe ishirini na tisa Agosti. Hii tarehe nina hakika nayo.

Poongodi


Nilakottai
8 Agosti 2024

Poongodi,

Njooni. Kathir naye aje. Ponnuthayi hajaamua kama atamchapa kabla ya chakula au baada ya chakula.

Nywele zilishafika kwa mwenyewe, lakini masikio hayajatobolewa, na masikio hayatumwi kwa posta. Mbuzi bado yupo. Amenenepa, na sasa anaitikia jina lake, sijui tutafanyaje. Kamera imepona. Ningeweza kukupigia leo unione, lakini nimeona heri nikwambie kwanza, ukiwa umeketi: wameniahidi mguu wa plastiki, bado haujafika, natembea na magongo.

Kayal akiuliza mguu wa mjomba uko wapi, sijui nitamjibu nini. Usimfundishe cha kusema. Usimwambie wala usimfiche, tutaona wenyewe.

Muuza champali hauzi ya mguu mmoja. Ya kulia naivaa kila siku, mpaka kitandani, Ponnuthayi anapiga kelele. Ya kushoto iko mpya, ina vumbi la ile safari yake moja. Nimemwekea Kayal. Aitie kwenye sufuria ya rasamu.

Hereni ziko kwenye kopo la sukari. Paja lipo.

Mjomba wake,
Thavamani